Nusunusu ya Mama Hiliki

Mama Hiliki hakuwa mtu wa kumuuliza mwenzake kama angependa chai. Alikuwekea mbele yako, akasimama mikono kiunoni, akangoja akuone umekunywa. Hivyo ndivyo alivyowafanyia wateja wa kibanda chake, chini ya ngazi za jengo la ofisi, na hivyo ndivyo alivyomfanyia mkamwana wake nyumbani, hasa tangu mimba ilipoingia.

Kinywaji chenyewe kilikuwa kimempatia jina mjini. Alichemsha majani ya chai ndani ya maziwa pamoja na tangawizi, mdalasini, karafuu, pilipili manga kidogo, na hiliki isiyopimwa kwa kijiko bali kwa moyo. Ikishaiva, aliimiminia kikombe kidogo cha kahawa nzito kutoka kwenye mashine kuukuu ya espreso, ambayo mwanawe, fundi wa majokofu, aliifufua baada ya hoteli moja kuitupa. Sukari haikuulizwa, ilikuwemo. Wateja wakakiita nusunusu, nusu chai nusu kahawa, ingawa mhasibu mmoja wa ghorofa ya pili alishikilia kuwa jina lake halisi lilipaswa kuwa Amka Ulipwe.

Alasiri ile mkamwana aliporudi kutoka kliniki, alikuta kikombe kinafuka mvuke pembeni ya sahani ya wali na maharage.

"Kaa kwanza, mwanangu," Mama Hiliki alimwambia. "Kunywa kingali cha moto. Maneno yatakuja yenyewe."

Mkamwana alikaa. Alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule, msichana mpole wa kuongea kwa sauti ya chini, na tumbo lake lilikuwa limeanza kumlazimisha kukaa mbali kidogo na meza. Alikishika kikombe kwa mikono miwili lakini hakukipeleka mdomoni.

"Mama, wamenipima. Wamesema damu yangu iko chini."

"Chini wapi?"

"Imepungua, Mama."

"Basi si ndiyo unywe!"

Mkamwana alikizungusha kikombe. "Muuguzi aliniuliza nakula nini kwa siku. Nikamwambia asubuhi nusunusu. Mchana nusunusu na matonge mawili matatu. Jioni nusunusu."

"Hukumdanganya."

"Amesema nipunguze. Na nisinywe pamoja na chakula, wala na vile vidonge vya kuongeza damu. Eti chai inavizuia visifanye kazi yake mwilini."

Jikoni sufuria ilikuwa ikitokota.

"Chai ipi?" Mama Hiliki aliuliza.

"Chai tu, Mama. Na kahawa pia."

"Yangu?"

"Hakutaja ya mtu. Chai kwa jumla."

"Huyo muuguzi amewahi kuionja?"

Mama Hiliki alivuta kiti, akaketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Maneno yalikuwa yamemchoma. Nani alimshikia beseni msichana huyu miezi ile ya mwanzo, alipokuwa akitapika hata maji? Ni kitu gani kilichokaa tumboni mwake wakati wali uliporudi, ndizi zikarudi, hata mkate mkavu ukarudi? Ni kikombe hiki. Tangawizi ndiyo iliyomtuliza, maziwa yakamtia nguvu, sukari ikamwinua kitandani.

"Humo kuna maziwa," alisema, akikigonga kikombe kwa ukucha. "Kuna viungo vitano. Hiki ni chakula kamili, kwa hiyo sijui hao wenzetu wa kliniki wanataka nini zaidi."

"Ndiyo, Mama," mkamwana alijibu, akanywa.

Usiku wa familia ukawa mfupi na mzito. Mama Hiliki aliosha vyombo kwa kishindo ambacho kila mtu nyumbani alikielewa. Fundi, mwanawe, alikula ameinamia sahani yake kama anayekagua waya zilizoungua. Alipojaribu mzaha, akamwambia mkewe, "Mama Kijacho, angalia usije ukazaa birika," hakuna aliyecheka, naye akarudi kwenye sahani.

Asubuhi yake Mama Hiliki alileta kikombe kama kawaida, na kwenye kisosi chake aliviweka vile vidonge viwili, kama mtu aliyemaliza ugomvi kwa kuwapatanisha wagomvi. Akasimama mikono kiunoni. Mkamwana alivitazama vidonge, akamtazama mama mkwe wake, akavimeza kwa funda la nusunusu.

"Unaona?" Mama Hiliki alisema kwa furaha. "Vimepita."

Lakini donge halikumtoka rohoni. Alifika kibandani bado analitafuna, na mhasibu wa ghorofa ya pili aliposhuka kuchukua kikombe chake cha asubuhi, hakuweza kujizuia.

"Kunywa upesi kabla hakijakunywa wewe," alimwambia. "Hujasikia? Siku hizi chai yangu inanyonya damu ya watu!"

"Nani kasema?"

"Wasomi wa kliniki! Mkamwana wangu kaambiwa damu imepungua, na mwizi wa damu hiyo ni mimi na sufuria yangu."

Mhasibu aliangua kicheko hadi miwani ikamteleza. Mama Hiliki naye akacheka, na mlinzi wa mlangoni akacheka, na kwa kuwa mzaha ulikuwa umependeza, aliurudia kwa mpokeaji wageni, kisha kwa vijana wawili wa kampuni ya bima. Kila aliporudia alihisi amemkomoa muuguzi yule kidogo zaidi.

Hakufikiria kwamba mzaha ukishapanda lifti haurudi jinsi ulivyokwenda. Huko juu ulipoteza kicheko chake. Katika ofisi moja ilisemwa kuwa mkamwana wa Mama Hiliki amelazwa. Katika nyingine, kwamba ni viungo, kuna unga fulani anachanganya. Ghorofa ya juu kabisa, ambako watu walikuwa hawashuki mara nyingi, ilijulikana kwa yakini kwamba kibanda kimekatazwa na watu wa afya.

Wiki ile ile aliyaona mabadiliko. Mpokeaji wageni, dada ambaye hakuwahi kuanza kazi bila nusunusu, alisimama mbele ya kibanda akichezea kitambulisho chake shingoni.

"Leo nipe maji tu, Mama."

"Maji? Unaumwa?"

"Hapana. Nimeamua tu."

Vijana wa bima walianza kupita upande wa pili wa nguzo. Siku moja Mama Hiliki alimwona mhasibu akiingia kutoka nje, mkono mmoja ndani ya koti, na harufu ya chai ya mgahawa wa ng'ambo ya barabara ikimfuata kama mkia.

"Unaficha nini humo, mhasibu?"

"Hati, Mama. Hati za ofisi."

"Hati zinatoa mvuke?"

Mhasibu aliona haya, akapanda ngazi badala ya kungoja lifti. Mama Hiliki alibaki ameshika kitambaa, akipangusa kaunta iliyokuwa safi. Jioni alirudi nyumbani na maziwa yaliyoanza kuchacha. Hakumwambia mtu, hata yale ya unga aliyonong'onezwa na mlinzi. Angesemaje? Uvumi ulikuwa na mama yake, na mama huyo ni yeye.

Mkamwana ndiye aliyeyaona maziwa. "Mbona yamebaki, Mama?"

"Watu wamekwenda likizo."

"Wote?"

"Kunywa chai yako, mwanangu."

Naye akanywa. Midomo yake ilikuwa imepauka, na alipoinuka kwenda kulala alishika ukingo wa meza kwanza, kisha mgongo wa kiti, kisha ukuta. Mama Hiliki alimwona. Alijiambia ni uzito wa mimba.

Simu ilipigwa asubuhi, wakati kibanda kikiwa tupu. Sauti ilikuwa ya msimamizi wa karakana ya sare.

"Mama, usishtuke."

Hapo hapo Mama Hiliki akashtuka.

"Mkamwana wako ameanguka hapa kazini. Ameinuka kuchukua kitambaa, akaanguka. Mashine haikumgusa, tumshukuru Mungu. Tunampeleka hospitali sasa hivi."

Alizima mashine ya kahawa lakini akasahau jiko. Mlinzi akamfuata nje mbio kumwuliza sufuria afanyeje, naye akamjibu, "Mwaga!" Barabarani alitembea na aproni yake kiunoni, na aliigundua alipofika wodini, pale watu walipomtazama.

Mkamwana alikuwa amelala ubavu kitandani karibu na dirisha, mrija wa dawa umechomekwa mkononi. Alikuwa macho. Weusi wa ngozi yake ulikuwa umegeuka kijivu, kama ubao uliofutwa vibaya, lakini alipomwona mama mkwe wake alijaribu kukaa.

"Lala!" Mama Hiliki alisema. "Nani amekuambia uinuke? Mtoto je?"

"Anacheza. Wamemsikiliza. Wamesema yuko salama."

Mama Hiliki alitafuta kitu cha kukalia, akakosa, akaegemea kabati dogo la kando ya kitanda. Ndipo akaingia muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na kalamu tatu mfukoni. Mkamwana aliinamisha macho, na Mama Hiliki akajua bila kuambiwa kwamba huyu ndiye yule wa kliniki ya hospitali hiyo.

"Wewe ndiye mama mkwe?" muuguzi aliuliza.

"Ndimi."

"Ndiwe unayempikia?"

"Ndimi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka. "Si ndiye yule wa chai?" alimnong'oneza dada yake, kwa mnong'ono uliofika hadi mlangoni. "Ile inayonyonya damu!"

Mama Hiliki alitamani sakafu ipasuke. Alijiandaa kukaripiwa mbele ya wodi nzima, na alikuwa na majibu yake tayari, makali, mengine aliyatunga njiani. Lakini muuguzi alivuta pazia, akalifunga, akashusha sauti.

"Hebu nieleze unaipikaje."

Hilo hakulitarajia. Akaeleza: maziwa, majani, viungo, kahawa juu, sukari. Alipofika kwenye sukari, alishangaa kusikia sauti yake ikipungua.

"Ni kinywaji kizuri," muuguzi alisema. "Ningekinywa hata mimi. Na tangawizi ni kweli ilimsaidia na kichefuchefu. Lakini sikiliza, mama. Majani ya chai na kahawa vyote vina kitu kinachoshika madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, yale yanayotengeneza damu. Kinayashika na kutoka nayo. Ukimpa maharage na mboga pamoja na kikombe hiki, faida kubwa inapotea. Vidonge navyo ni hivyo hivyo."

Mama Hiliki alikiona akilini kile kisosi na vidonge vyake viwili.

"La pili, kile kinachokuchangamsha kwenye kahawa, kwenye chai pia kimo. Kwa hiyo kikombe chako kimoja kinabeba mizigo miwili, na mjamzito anatakiwa abebe kidogo. La tatu ni sukari na maziwa. Anakunywa, anashiba, hana hamu ya kula. Kikombe chako kinamshibisha bila kumlisha."

"Kwa hiyo nimemnyima chakula," Mama Hiliki alisema polepole.

"Ulikuwa unampa. Tatizo ni kwamba ulikuwa unampa vyote kwa mpigo." Muuguzi alirekebisha mrija. "Ale kwanza. Vidonge ameze na maji au juisi ya chungwa. Chai ikae mbali na chakula, saa moja au zaidi. Hadi ajifungue, iwe nyepesi, kikombe kidogo, bila ile kahawa. Hakuna aliyekukataza kuuza wala kupika."

Alipotoka, pazia liliendelea kutikisika kidogo. Mama Hiliki alilitazama hadi likatulia.

"Ulikuwa unajua haya yote?" aliuliza.

"Aliniambia siku ile, Mama."

"Sasa mbona uliendelea kunywa?"

Mkamwana alishika ncha ya shuka. "Nilikuambia mara moja. Ukaosha vyombo."

"Nikaosha vyombo!"

"Ulivyoviosha, Mama, nilisema moyoni afadhali ninywe."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia mama mkwe wake kwa ujasiri, na baada ya kuisema alifumba macho, kana kwamba anangoja kofi. Mama Hiliki alikumbuka mikono yake mwenyewe kiunoni kila asubuhi. Yeye alidhani anasimama kwa upendo. Msichana huyu alikuwa amemwona amesimama kama askari wa zamu.

"Umekula leo?" aliuliza hatimaye.

"Bado."

"Unataka nini?"

Mkamwana alifumbua macho. Ni wazi hakuwa amezoea swali hilo.

"Yai," alisema. "La kukaanga. Na chungwa."

Fundi aliingia mbio wakati huo, bisibisi ingali mfukoni, akamkuta mama yake anafunga vizuri kamba za aproni kama anayekwenda vitani.

"Mama, usijilaumu," alianza.

"Nani kakuambia najilaumu? Ondoka mlangoni, nakwenda kutafuta mayai."

Mkamwana aliporuhusiwa kurudi nyumbani, jiko la Mama Hiliki lilikuwa limebadilisha ratiba. Asubuhi ilianza na chakula chenyewe: yai, au maharage yaliyobaki jana, mboga za majani zilizotiwa limau, wakati mwingine vipande vya maini. Chai ilikuja baadaye sana, katika kikombe kidogo, na Mama Hiliki ilimbidi ajizuie asiilete mapema. Kukaa bure akimwangalia mtu anakula bila kitu cha moto pembeni kulimwasha mikono. Alikuwa akiikalia.

Kazi ngumu zaidi ilimngoja kibandani. Kukaa kimya kungekuwa rahisi, watu husahau. Lakini kila alipomwona mpokeaji wageni akinywa maji yake, alijua kinachomkaba si maziwa yaliyochacha. Asubuhi moja alimwita mhasibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye lifti.

"Njoo hapa na hati zako."

Mhasibu alikuja akiwa amenywea. Waliokuwa wakingoja lifti waligeuka.

"Ile habari ya chai kunyonya damu niliitoa mimi," Mama Hiliki alisema. "Kwa kejeli, kwa sababu niliambiwa ukweli nikaudhika. Mkamwana wangu alikuwa kweli hana damu. Nilikuwa namwekea nusunusu mahali pa chakula, na juu ya dawa. Humu hakuna unga wa ajabu. Kuna chai, kahawa, maziwa, viungo, na sukari nyingi kuliko mlivyojua. Mwenye mimba aniambie nimpikie nyepesi. Asiyekula asubuhi akale kwanza, kisha aje."

Lifti ilifunguka, ikajifunga bila mtu kuingia.

"Mfanyabiashara gani anafukuza wateja wakale kwanza?" mhasibu aliuliza.

"Huyu unayemwona."

"Sukari nyingi kiasi gani?"

Alimwambia. Mhasibu alishika tumbo lake, ambalo lilikuwa limeota tangu ajue kibanda kile, akalitazama kwa macho ya mtu aliyemtambua mshitakiwa.

"Kumbe ndiwe!" alililaani, na safari hii kicheko kilikuwa cha wote.

Hawakurudi siku moja, na wengine hawakurudi kabisa. Wa ghorofa ya juu waliendelea kuamini walichoamini. Lakini mpokeaji wageni alikuja kesho yake, saa nne, akiwa ameshakula. Alisimama akingoja awekewe mbele kama zamani. Mama Hiliki alikuwa ameinua kikombe tayari, mkono ukasita.

"Sukari nikutilie kiasi gani?"

Swali lilimtoka kwa shida, kama mtu anayejifunza lugha ya kigeni.

"Kijiko kimoja," dada alijibu. Alipoonja alinyanyua nyusi. "Mama! Leo ndiyo nasikia hiliki."

Mama Hiliki alijionjea naye, mwiko kiganjani. Ilikuwa kweli. Miaka yote viungo vyake vilikuwa vikizama ndani ya sukari, naye mwenyewe alikuwa ndiye aliyevizamisha. Alisimama pale akilamba midomo, hajui acheke au akasirike, mwishowe akacheka.

Mtoto alizaliwa mchana kweupe, msichana mwenye mapafu ya mnadi wa sokoni. Muuguzi wa viatu vya raba alipita wodini kumwona mzazi, akavuta kope la chini la jicho lake, akaridhika na wekundu aliouona. "Damu imekaa sawa," alisema. Kisha akamgeukia Mama Hiliki. "Kibanda chako kiko wapi hasa?" Akaelekezwa, tena kwa ghorofa na nguzo.

Nyumbani, Fundi alitundika pazia jipya na kulipachika kombo. Majirani walikuja, wakamtazama mtoto, wakagombania pua yake, huyu akisema ya baba, yule ya bibi. Mama Hiliki alikata shauri kuwa ni ya bibi, mjadala ukafungwa. Jioni wageni walipoondoka, nyumba ilibaki na utulivu wa watu waliochoka vizuri. Mkamwana alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani, mashavu yake yamerudiwa na rangi.

Mama Hiliki aliingia na blanketi la sufu, zito, alilolinunua kwa siri na kulificha juu ya kabati. Alilikunjua, akainama kumfunika mjukuu wake hadi kidevuni.

"Hapana, Mama," mkamwana alisema. "Atapata joto."

Alilisema wazi, akimtazama usoni. Mlangoni Fundi aliganda, pini ya pazia mdomoni, akingoja kelele za vyombo.

Mama Hiliki alibaki ameinama, blanketi mikononi. Aligusa shingo ya mtoto kwa mgongo wa kidole. Ilikuwa na unyevunyevu wa jasho. Akainuka, akalikunja blanketi lile taratibu, pembe kwa pembe, na alipokuwa akilikunja alihisi kitu chepesi kikimpanda kifuani, kitu kinachofanana sana na furaha.

"Kweli," alisema. "Ana joto. Mfungulie dirisha kidogo."

Na mkamwana, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto, akamwambia, "Lifungue wewe, Mama, mikono yangu imejaa," naye akaenda akalifungua.